Picha Ikikaa Kiti cha Kadhi



Tangu Lamu mpaka Kilwa, ni nyumba chache zisizozijua picha za Kihindi. Zamani tulizifuata kwenye majumba ya senema, leo zimo sebuleni mwetu. Sikusudii kurudia hapa mjadala wa kutazama au kutotazama. Nakusudia zile picha zinazotolewa katika kesi za kweli, ambamo mtu aliuawa kweli na mwingine aliua kweli. Picha hizo humchagulia mtazamaji nani wa kumwonea huruma, naye akadhani amechagua mwenyewe.

Chukua mfano wa picha iitwayo Rustom, iliyotoka mwaka 2016, na steringi wake ni Akshay Kumar. Afisa wa jeshi la wanamaji arudi nyumbani kutoka safarini, agundua kwamba mkewe ana uhusiano na tajiri mmoja, amwendea tajiri yule na kumpiga risasi. Kesi yasikilizwa, na picha yaisha kwa afisa kuachiwa huru, na watu wakishangilia.

Sasa isikilize kesi yenyewe. Tarehe 27 Aprili 1959, mjini Bombay, Kamanda Kawas Nanavati aliambiwa na mkewe habari za mwanamume aitwaye Prem Ahuja. Nanavati alimpeleka mkewe na watoto senema, akaenda melini kwake, akachukua bastola na risasi kwa kutoa sababu isiyo ya kweli, kisha akamfuata Ahuja nyumbani kwake na kumwua. Baadaye alijisalimisha mwenyewe kwa polisi. Watu 9 wa juri, raia wa kawaida waliowekwa kutoa uamuzi, walimwona hana hatia kwa kura 8 dhidi ya 1. Hapo ndipo picha inapokata uzi.

Lakini kesi haikuishia hapo. Jaji aliukataa uamuzi ule na kuupeleka Mahakama Kuu ya Bombay, na mwaka 1960 mahakama hiyo ikamtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kifungo cha maisha. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya India ikaithibitisha hukumu hiyo. Ilisema kwamba tangu atoke nyumbani mpaka afyatue risasi ulipita muda wa kama saa 3, na muda huo ulimtosha mtu kurudiwa na akili zake. Mwaka 1964 Gavana wa Maharashtra, Bibi Vijaya Lakshmi Pandit, alimpa msamaha. Nanavati akahamia Kanada na jamaa zake, akafia huko mwaka 2003.

Tazama basi ufundi wa picha. Kwanza, hutangulizwa jeraha la mwenye kuua, ili risasi itakapolia, mtazamaji awe keshaumia pamoja naye. Pili, steringi huvikwa sare nyeupe, na weupe wa nguo ukawa ushahidi wa weupe wa moyo. Tatu, marehemu huzidishiwa maovu. Katika Rustom hakutosheka kuwa mzinifu. Ameingizwa pia katika njama ya rushwa ya ununuzi wa meli ya kivita, jambo lisilokuwamo katika kesi ya Nanavati. Kwa nini liongezwe? Kwa sababu mtungaji ameona kwamba kosa la kweli la marehemu halitoshi kuifanya damu yake iwe rahisi. Nalo ni kweli, halitoshi.

Mtu atasema, “Sheikh, mwenye ghera afanyeje?” Uchungu wa mume ule ni uchungu wa kweli, na tendo la marehemu lilikuwa ovu. Lakini swahaba Uwaymir alimwuliza Mtume (S.A.W.) swali hilo hilo, naye hakuambiwa achukue upanga. Alielekezwa kwenye liani, viapo mbele ya hakimu. Na Sayyidna Ali alipotumwa Yemen kuhukumu, alifundishwa asimhukumie wa kwanza mpaka amsikie na wa pili. Katika picha za namna hii wa pili hasikilizwi kamwe, kwa kuwa yumo kaburini.

Lakini lililonisikitisha zaidi ni dada wa marehemu. Katika kesi ya kweli dada yake Ahuja, baada ya kufiwa na nduguye, aliridhia kwa maandishi kwamba aliyemwua asamehewe. Katika Suratil Baqara Mwenyezi Mungu amemfungulia ndugu wa aliyeuawa mlango huo wa kusamehe, akaufanya kuwa tahafifu na rehema. Bibi yule hakuwa Mwislamu, lakini alisimama mlangoni hapo. Je, picha imemfanya nini? Imemfanya adui: mwanamke mwenye hila, mvuta sigara, anayetafuta kisasi.

Jiulize kwa nini. Anayesamehewa ni mwenye kosa. Picha ikimwonyesha dada akisamehe, itakuwa imekiri kwamba steringi aliua bila ya haki. Na steringi hatakiwi kuwa na deni la rehema kwa mtu yeyote. Ndipo tendo jema kuliko yote katika mkasa ule likafutwa, na mtendaji wake akatukanwa, ili muuaji atoke safi.

Wala si lazima kila picha iwe hivyo. Achanak ya Gulzar, ya mwaka 1973, iliyochota katika kisa hiki hiki, haikumwachia steringi wake huru. Iliuliza, ni akili gani daktari kumponya majeruhi ili anyongwe? Hilo ni swali la kumfikirisha mtu, halimlishi hukumu iliyokwisha kupikwa.

Basi, ewe baba na ewe mama, picha ya namna hii ikiisha nyumbani mwako, usiizime na kwenda zako. Waulize vijana: aliyekufa alikuwa na nani wa kumlilia? Nini kimeongezwa juu yake? Na nani hakupewa nafasi ya kusema? Kijana aliyezoea kushangilia risasi ya steringi, kesho atakaa barazani, atasikia kisa cha mtu wa mtaani kwake upande mmoja tu, na atahukumu vivyo hivyo.

Wabillahi tawfiiq.