Asali Kichwani: Jinsi Kichwa Kimoja cha Kalimoni Kilivyong'arishwa Nyumbani

Nywele nyeusi hazigeuki za dhahabu kwa kupakwa rangi ya dhahabu. Rangi hiyo humezwa na weusi, na ukitoka juani hakuna atakayeiona. Kazi yote ni kuuondoa weusi wenyewe, nao hauondoki kwa mkupuo. Kwanza huwa kahawia, kisha kahawia nyekundu, nyekundu, chungwa, chungwa la manjano, manjano, na mwisho manjano hafifu. Vichwa vingi vinavyong'arishwa vyumbani huku kwetu Kalimoni, Juja na Ruiru hukwama kwenye chungwa, na wenyewe hulaumu poda ya blichi. Mimi nasema poda mara nyingi haina kosa. Makosa huwa matatu: urefu wa nywele, nguvu ya developa inayokorogwa na poda, na rangi ambayo mtu aliilenga tangu mwanzo.

Kichwa ninachotaka kukichambua ni cha dada mmoja anayeishi kwenye ploti ya ghorofa Kalimoni, si mbali na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja. Aliyemfanyia ni rafiki yake anayeishi naye, ambaye amewahi kufanya kazi saluni. Nilikaa nao kazi ikiendelea. Ilitoka vizuri: rangi ya asali iliyo sawa kote, ngozi isiyo na kidonda, nywele zinazonyooka ukizivuta na kurudi kujikunja bila kukatika. Huwa tunasimuliana vichwa vilivyoungua na kuacha vilivyofaulu, ilhali aliyefaulu ndiye mwenye la kutufundisha.

Dada alianza kwa kinyozi. Alikuwa na nywele za wastani zilizokuwa zimewekwa dawa ya kulainisha muda mrefu uliopita, akaambiwa azikate zote zibaki kama sentimita mbili na nusu. Wengi hudhani nywele fupi ni mtindo tu unaokwenda na rangi hiyo. Sababu yenyewe ni joto. Kichwa cha binadamu kina joto lake, na joto huharakisha blichi. Sentimita ya kwanza kutoka kwenye ngozi hung'aa haraka kuliko sehemu ya katikati ya unywele mrefu. Ndiyo maana mwenye nywele ndefu akipaka kuanzia shinani hutoka na mashina ya manjano na ncha nyekundu, na saluni nzuri humpaka katikati kwanza na kumalizia shinani. Nywele za sentimita mbili na nusu karibu zote ziko jirani na joto hilo, hivyo hubadilika pamoja. Mtu asiye fundi wa miaka mingi akipewa kichwa kifupi, nusu ya ugumu wa kazi imeshaondolewa.

Sababu ya pili ni umri wa nywele. Nywele za Mwafrika hukua kwa wastani wa takriban robo milimita kwa siku, polepole kuliko za Wazungu na Waasia. Sentimita mbili na nusu ni nywele za miezi mitatu na kidogo. Kama miezi hiyo yote hazijaguswa na dawa, unafanya kazi na nywele ambazo hazina historia. Na historia ndiyo inayoua. Dawa ya kulainisha hubadilisha vifungo vya salfa vilivyoshikilia umbo la unywele. Blichi nayo huvunja vifungo hivyohivyo kwa njia nyingine. Unywele uliopitia moja huvumilia. Uliopitia zote mbili hunyumbuka kama mpira ukilowa, halafu hukatika. Zaidi ya hapo, nywele zetu za kujikunja zina udhaifu kwenye kila kona ya mkunjo, na mafuta ya ngozi hayateremki kwa urahisi hadi nchani. Ukiongeza kemikali juu ya kemikali, kona hizo ndizo za kwanza kuachia.

Kulikuwa na jambo moja zaidi kabla ya kuanza, na nilifurahi kuona rafiki yule analijua. Kichwa hakikuoshwa siku mbili. Mafuta ya ngozi ni kinga, na kichwa kilichosuguliwa asubuhi kitawashwa vibaya jioni. Pia hakikuwa kimetoka kufumuliwa. Wasichana wengi hufumua rasta leo na kupaka blichi leo hii, wakati ngozi bado ina michubuko midogo ya kuvutwa na ya kitana cha mkia. Blichi hupenya humohumo. Ukifumua, subiri wiki.

Sasa developa. Ni haidrojeni peroksaidi ndani ya krimu, na namba iliyo kwenye chupa inaeleza oksijeni iliyomo: lita moja ya developa ya 20 inaweza kutoa lita 20 za oksijeni. Ya 10 ina peroksaidi asilimia 3, ya 20 ina 6, ya 30 ina 9, na ya 40 ina 12. Madukani utashawishiwa kuchukua ya 40 kwa sababu nywele zetu ni nyeusi sana. Ushauri huo hauna msingi, tena ni wa hatari. Developa ya 40 iliyokorogwa na poda na kuwekwa juu ya ngozi huunguza, na kasi yake ni kubwa mno kwa mtu anayetazama kichwa kwa kioo kimoja. Rafiki yule alichukua ya 20. Kwa poda ya blichi hiyo inatosha, kwa sababu poda ina nguvu zake: chumvi za pesalfeti, ambazo huongeza uwezo wa peroksaidi, na vitu vya alkali vinavyoupandisha mchanganyiko hadi kati ya 9 na 11 kwenye kipimo cha pH. Alkali huyainua magamba ya nje ya unywele, dawa huingia ndani, na humo huvunja melanini, ile chembe ya rangi.

Peroksaidi yenyewe ina umri mkubwa. Louis Jacques Thénard, mwanakemia wa Ufaransa, aliigundua mwaka 1818, na kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1867 ikaonyeshwa hadharani kama dawa ya kung'arisha nywele. Lakini wazo la kutumia alkali kichwani halikuhitaji kutoka Paris. Wamundari wa Sudan Kusini, wafugaji walio kaskazini mwa Juba, vijana wao huinamisha kichwa chini ya ng'ombe anayekojoa, na kadiri muda unavyopita nywele hugeuka rangi ya chungwa. Yurea ya mkojo huoza ikatoa amonia, na amonia ni alkali. Kazi ni ya polepole sana na haivuki chungwa. Lakini wazee wao walikuwa wameona, kabla ya maabara yoyote kuja kwao, kwamba weusi wetu una wekundu chini yake.

Nikirudi chumbani: mchanganyiko ulikorogwa kwenye bakuli la plastiki, sehemu moja ya poda kwa mbili za developa, hadi ukawa mzito kama uji. Karai la bati lilikuwa karibu na likaachwa kwa makusudi, maana metali huifanya peroksaidi ichanganuke ovyo, ipoteze nguvu na kutoa joto. Chuma na shaba zinazoganda kwenye nywele kutokana na maji hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake, kwa hivyo anayeogea maji ya kisima yenye kutu aoshe kichwa kwa shampuu ya kuondoa madini siku kadhaa kabla. Glavu zilivaliwa. Mafuta ya mgando yakapakwa usoni kandokando ya nywele, masikioni na shingoni. Mlango na dirisha vilifunguliwa, na hili nalisisitiza, kwa sababu vumbi la pesalfeti huwasha pumu na limewatoa kazini wasusi wengi duniani. Bedsita yenye dirisha moja lililozibwa na pazia si mahali pa kukorogea poda hiyo.

Rafiki alianza kisogoni na kumalizia mbele, kwa kuwa nywele za utosi wa mbele na za kando ya uso ni nyembamba na hung'aa upesi. Mashada madogomadogo, pande zote mbili za kila shada. Kichwa kikafunikwa kofia ya nailoni ya kuogea; zamani watu wangechukua mfuko wa dukani, kabla serikali haijaipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017. Kofia haiwekwi kwa ajili ya joto pekee. Blichi iliyokauka haifanyi kazi tena, na hewa ya Kalimoni mwezi Januari na Februari hukausha kitu upesi. Julai kinyume chake: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, baridi ya asubuhi huuma, na dawa hukawia. Saa ya mtu aliyefanya Februari haimfai anayefanya Julai. Kinachotazamwa ni nywele zenyewe, na rafiki yule alikuwa akifuta shada moja kwa kitambaa kila baada ya dakika chache na kulipeleka dirishani.

Baada ya dakika kumi, wekundu mzito. Ya ishirini na tano, chungwa kali. "Bado, dadangu, tulia," akaambiwa mwenye kichwa, aliyekuwa ameanza kuhangaika na kioo. Zilipokaribia dakika arobaini na tano, rangi ilikuwa chungwa lenye manjano kidogo, na hapo dawa ilisuuzwa yote kwa maji ya vuguvugu, ingawa manjano yenyewe haikuwa imefika.

Hapo ndipo ninapouona ufundi. Melanini ni ya aina mbili. Yumelanini, nyeusi na kahawia, ndiyo nyingi kwetu na huvunjika mapema. Feomelanini, yenye wekundu na manjano, ni kaidi. Weusi ukishakimbia, ule mkaidi ndio unaobaki ukionekana, na ndio chungwa ambalo watu huliita kuharibika. Ni hatua ya safari tu. Anayelichukulia kuwa ajali hukoroga bakuli jingine usiku uleule, safari hii na developa ya 40, juu ya nywele ambazo magamba yake yameinuka na ngozi ambayo tayari inawasha. Dada huyu alipaka kondishena, akalala, akangoja wiki nzima. Mzunguko wa pili ulitumia developa ya 20 ileile na haukufika nusu saa. Nywele zikawa manjano iliyokolea, iliyobakiza joto la chungwa kwa mbali.

Wangeweza kuendelea. Manjano hafifu, ile ya upande wa ndani wa ganda la ndizi, ndiyo inayotakiwa na anayetamani nyeupe ya fedha. Rafiki akakataa, na nadhani alikuwa sahihi kabisa. Kutoka weusi wetu hadi asali ni safari ambayo unywele wa kujikunja unaweza kuimaliza ukiwa mzima. Hatua mbili za mwisho ndizo za gharama kubwa, kwa sababu rangi iliyobaki ni kidogo na dawa huanza kuila keratini yenyewe. Tena kwenye ngozi ya kahawia asali hukaa kwa uzuri ambao nyeupe ya majivu huupata kwa shida. Huo ni uamuzi wa macho yangu, na nitautetea.

Kilichofuata ni tona, rangi ya kuzima ile isiyotakiwa iliyobaki. Rangi huzimwa na ile iliyo mkabala nayo kwenye gurudumu la rangi: zambarau huzima manjano, bluu huzima chungwa, kijani huzima nyekundu. Huko Juja nimeona watu wenye vichwa vya chungwa wakinunua shampuu ya zambarau chupa baada ya chupa bila badiliko lolote. Wamebeba silaha ya vita vingine. Chungwa lao linataka bluu. Dada huyu alipakwa tona ya dhahabu yenye ubaridi kidogo, iliyokorogwa na developa ya 10, kwa dakika kama ishirini, ili chungwa lishuke na asali ibaki. Tona nyingi za kudumu zina kemikali za jamii ya PPD, ileile inayotiwa kwenye piko nyeusi inayochorwa mikononi Pwani na kuwatoa wengine malengelenge. Alikuwa amejaribiwa nyuma ya sikio saa 48 kabla. Aliyewahi kuvimba kwa piko asiguse tona hiyo hata kwa jaribio.

Njia za mkato nitazipita haraka. Ndimu na jua huzikausha nywele nyeusi kuliko kuzing'arisha. Peroksaidi ya kemisti ya kusafishia vidonda, ikipakwa peke yake, hutiririka machoni na kuishia wekundu. Jik ni klorini ya nguo, huyeyusha keratini, na kuiweka kichwani ni kuiharibu ngozi na macho. Na mchanganyiko wa blichi uliobaki usifungwe kwenye chupa kwa ajili ya kesho: oksijeni huendelea kutoka na chupa hupasuka.

Asiye tayari kuzikata nywele ndefu au zilizowekwa dawa, shauri langu ni asuke. Rasta za namba 27 zina asali, za 613 zina manjano ya kung'aa, na nywele zake mwenyewe zitabaki salama chini yake.

Dada yule sasa huosha kichwa mara moja kwa wiki, hupaka kondishena nzito na mafuta, na hulala na kitambaa cha satini. Weusi ukishaota shinani ataamua moja kati ya mawili. Akitaka asali iendelee, itapakwa blichi kwenye ile sehemu mpya pekee, bila kugusa iliyokwisha kung'aa, kazi inayohitaji brashi nyembamba na mkono wa mtu mwingine. Akichoka, atarudi kwa kinyozi na kubaki na nywele za sentimita moja, nyeusi na nzima.