Ufundi na Mizani ya Utu: Afrika katika Ulimwengu Mbadala wa Philip K. Dick

Uhakiki wa bunilizi ya kisayansi aghalabu huchukulia kwamba teknolojia ikibadilika, jamii huifuata kama kivuli. Makala haya yanaipinga dhana hiyo kwa kuichunguza riwaya ya Philip K. Dick, The Man in the High Castle (1962), ambamo Ujerumani na Japani zimeshinda Vita vya Pili vya Dunia na kuigawana Marekani.

Ujerumani ya riwaya hii ina ufundi wa kustaajabisha. Roketi za abiria husafiri kutoka Ulaya hadi San Francisco. Sayari nyingine zimefikiwa. Bahari ya Mediterania imekaushwa kwa nguvu za atomiki ili ipatikane ardhi ya kilimo. Wakazi wa Afrika, nao, wameangamizwa. Robert Childan, mwuza vitu vya kale, anapoyawaza mafanikio ya Wajerumani, huyaweka maangamizi hayo katika hesabu moja na ukaushaji wa bahari: kazi kubwa iliyokaribia kukamilika. Roketi haikumfundisha Childan kuhesabu hivyo. Amezoea tu kulipima kila jambo kwa ukubwa wa ufundi uliotumika, na mazoea hayo, kwa maoni yetu, ndiyo yanayoiunda jamii yake.

Japani iko nyuma kiteknolojia, na maofisa wake hutafuta ushauri katika I Ching, kitabu cha kale cha Kichina. Dick hawafanyi malaika. Hata hivyo, Bw. Tagomi, ofisa wa biashara, huugua papo hapo anaposikia wasifu wa wanaowania uongozi Berlin.

Udhaifu wa riwaya uko penginepo. Afrika yake haina mtu anayetajwa kwa jina wala kupewa nafasi ya kusema. Imo kama mahali palipokwisha kufutwa. Msomaji wa Tanzania ana sababu ya kulalamika, kwa kuwa utawala wa Kijerumani kwake si jambo la kubuni: katika Vita vya Maji Maji (1905–1907) bunduki za rashasha zilitumika, na uchomaji wa mashamba na maghala ukaleta njaa iliyoua wengi kuliko risasi.

Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), anaanzia kwa mhanga mwenyewe. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anaingizwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kumwua. Anakimudu, naye anafika kwenye jamii yenye usawa. Chombo ni kilekile. Aliyebadilika ni anayekiongoza.

Limebaki suala la lugha. Atakayeitafsiri riwaya ya Dick kwa Kiswahili atahitaji jina la kazi ile iliyotendwa Afrika. Neno lililo karibu ni “mradi”, lilelile tunalolitumia katika ripoti zetu za sera kwa visima, barabara na mkongo wa mawasiliano. Wapo watakaotaka neno kali zaidi. Sisi tunapendekeza “mradi” libaki bila alama za kunukuu, kwani ndilo ambalo Childan angelitumia.