Jiko la Kigamboni Hupangwa na Maji

Mkazi wa Kinondoni au Temeke anayetaka usiku mmoja wa utulivu bila kusafiri hadi Zanzibar huvuka kwenda Kigamboni, kwenye nyumba za wageni za makuti zinazoanzia Mjimwema na kuendelea kusini kuelekea Gezaulole na Kimbiji. Akirudi husifia bahari na chakula kwa pamoja, kana kwamba kimoja kimezaa kingine. Lakini bahari peke yake haipiki. Bahari hiyohiyo iko mbele ya hoteli nyingi ambako mgeni huwekewa samaki aliyekaa kwenye friza wiki nzima. Nyumba ndogo inayofanikiwa mezani hufanikiwa kwa kupanga saa: jiko linakubali kuanza kazi mvuvi anapotia nanga, na menyu inaandikwa baada ya hapo.

Pweza ndiye anayeonyesha mpango huo waziwazi. Pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Siku hizo maji hutoka sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, mwamba ukabaki wazi, na wachokoaji wa pweza wakatembea juu yake. Pweza anayefika jikoni saa saba mchana ana muda wa kupigwa hadi nyama ilegee, kisha akachemshwa taratibu kwa moto mdogo kabla ya chakula cha jioni. Siku za maji mafu mwamba haufikiki vizuri. Jiko linalojua kazi yake halimwahidi mgeni pweza wa leo. Linampa changu au tasi wa mshipi na dema.

Samaki wa kupaka naye anadai saa zake. Nazi hukunwa kwa mbuzi, likakamuliwa kwanza tui zito, kisha maji yakaongezwa kupata tui jepesi. Hilo jepesi ndilo linalostahimili kuchemka na vitunguu na tangawizi. Zito huingia mwishoni huku likikorogwa, kwa kuwa likichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakajitenga. Samaki huchomwa kwenye mkaa hadi akaribie kuiva, ndipo rojo hupakwa kila upande, tabaka baada ya tabaka. Hakuna hatua hapo inayotaka mtambo wa gharama. Zote zinataka mpishi ajue tangu mchana ni wangapi watakaokula. Ndiyo maana kulala hapohapo ni sehemu ya ufundi: mgeni mwenye chumba anaweza kuulizwa saa nane mchana kuhusu chakula cha saa mbili usiku, ilhali mpita njia anataka sahani ndani ya nusu saa.

Wapo watakaosema mteja amelipa, ana haki ya kuchagua, na orodha fupi ni uvivu wa jiko. Haki hiyo ni ya kweli, ila nyumba ya vyumba kumi yenye vyakula arobaini kwenye orodha haiwezi kuvitimiza bila kutegemea friza, na mgeni anabaki kuchagua majina tu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la msimu. Kusi ikivuma kwa nguvu, hasa Juni na Julai, ngalawa hushindwa kutoka nje ya mwamba, na jiko linalomtegemea mvuvi jirani hukosa kitoweo. Hapo barafu ina nafasi yake, ilimradi ianzie ndani ya chombo. Samaki aliyetolewa matumbo na kufukiwa kwenye barafu mara anapovuliwa hudumu zaidi ya wiki. Kinachomharibu ni saa chache za joto kabla barafu haijamfikia.

Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilipofunguliwa mwaka 2016, lilibadili hesabu. Awali mizigo ya kutoka mjini ilisubiri pantoni pale Magogoni au ikazunguka njia ndefu ya Kongowe, hivyo kununua kwa jirani kulikuwa na faida iliyo wazi. Leo gari la vyakula vilivyogandishwa linafika asubuhi, na ubora uliolindwa na ugumu wa njia sasa unahitaji kulindwa kwa uamuzi. Wenye nyumba wabandike jedwali la kupwa na kujaa jikoni, wampe mvuvi barafu kabla hajatoka, waandike menyu ubaoni kila siku na kumuuliza mgeni mapema. Nasi wateja, tunapopiga simu kuuliza bei ya chumba, tuulize pia leo kumevuliwa nini. Swali hilo likiulizwa na wengi, kulijibu vizuri kutakuwa sehemu ya biashara.