Mkono wa Chekeche

Kiangazi, alizeti zikishavunwa, ndiyo majira ya kuchimba chini ya majabali ya Singida. Wanaakiolojia wanapokuja na leseni yao hawafanyi kazi peke yao. Wenyeji hufundishwa palepale shimoni, na wengi huanzia kwenye chekeche.

Kwanza hupimwa mraba, mara nyingi wa mita moja kila upande: vigingi vinne, uzi uliokazwa, pimamaji. Jembe halina kazi hapa. Mchimbaji hupiga magoti na mwiko wa mwashi, akakwangua udongo kwa ubapa, sentimita 5 au 10 kwa safu. Udongo ukibadilika rangi, mchimbaji husimama, kwani tabaka jingine limeanza, na matabaka mawili hayachanganywi katika ndoo moja.

Ndoo hupelekwa kwenye chekeche. Mgeni hutikisa kwa nguvu mpaka vipande vinagongana. Mzoefu, aliyekua akipepeta uwele, huuyumbisha wavu taratibu hadi vumbi liishe, kisha hutandaza mabaki kwa kiganja na kuyapitia kutoka ukingo hadi ukingo. Changarawe hutupwa. Kipande cha jiwe la kwazi chenye makali hugeuzwageuzwa juani: kikiwa na kijivimbe karibu na pale kilipogongwa, huenda kilipasuliwa na mkono wa mtu. Kigae, mfupa, mavi ya chuma, ushanga wa ganda la yai la mbuni, kila kimoja huingia mfuko wake. Mfuko huandikwa mahali, mraba, kina na tarehe kabla ndoo nyingine haijamwagwa.

Maandishi hayo hudumu kuliko mwandishi wake. Huko Kisese, katika wilaya ya Kondoa, mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba mwaka 1956. Miongo sita baadaye, maganda ya mbuni yaliyotunzwa yalipimwa umri, ikajulikana kuwa shanga zilitengenezwa pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Anayefukua usiku akitafuta mali inayodaiwa kufichwa na Mjerumani huvuruga ushahidi kama huo kwa saa chache, na haurudi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kabla ya kuchimba. Ukikuta vigae vya kale au michoro mwambani, viache vilipo, umwarifu mwenyekiti wa kijiji au afisa utamaduni. Na wenye leseni wakifika kijijini kwako, omba kushika chekeche.