Watu Walewale, Kazi Nyingine: Fremont Ilivyopata Wafanyakazi Hodari

Machi 1982 General Motors ilifunga kiwanda chake cha kuunganisha magari kule Fremont, California, na wengi ndani ya kampuni waliona ni nafuu. Kiwanda kilikuwa na sifa mbaya. Siku ya kawaida mfanyakazi mmoja kati ya watano hakutokea kazini, migomo ya ghafla ilizuka bila idhini ya chama cha wafanyakazi, pombe ilinywewa humohumo ndani, na malalamiko ya wafanyakazi yalirundikana kwa maelfu bila kusikilizwa. Mwaka 1984 geti hilohilo lilifunguliwa na kampuni mpya, NUMMI, iliyokuwa ubia wa General Motors na Toyota. Miaka miwili baadaye watafiti wa chuo cha MIT walikwenda kupima. Kuunganisha gari moja kulichukua saa 19 za kazi Fremont, saa 31 katika kiwanda cha General Motors cha Framingham, Massachusetts, na saa 16 Takaoka, Japani, kwenye kiwanda cha Toyota kilichokuwa mfano wa kuigwa. Kasoro kwa kila magari 100 zilikuwa 135 Framingham na 45 Fremont, sawasawa na Takaoka. Utoro ulishuka hadi asilimia 3 au 4. Na takriban asilimia 85 ya waliofanya kazi hiyo walikuwa wafanyakazi wa zamani wa Fremont, pamoja na viongozi wao wa chama.

Takwimu hizo zinamweka pabaya mwajiri yeyote anayelalamika kwamba sokoni hakuna watu. Watu walikuwepo Fremont siku zote. Kilichobadilika ni namna walivyopokelewa, walivyonolewa na walivyoahidiwa kubaki, na katika hayo matatu, hoja yangu ni kwamba la tatu ndilo lililofanya mengine yafanye kazi. Ahadi ya kutopunguza watu huzungumzwa mara nyingi kama hisani ya kampuni yenye fedha. Pale Fremont ilikuwa kipuri ndani ya mtambo wenyewe, na ukikitoa mtambo wote unakwama.

Tuanze na kuajiri, ingawa ndiko kulikokuwa na machache ya ajabu. Toyota haikuwa na hamu ya kukutana na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW. Usuluhishi uliongozwa na William Usery, aliyewahi kuwa Waziri wa Kazi wa Marekani, na Septemba 1983 pande hizo zilikubaliana kwamba wengi wa waajiriwa watatoka miongoni mwa walioachishwa. Kila mwombaji alipitia siku tatu za tathmini: kazi za majaribio, majadiliano ya kikundi, mtihani wa kuandika na usaili wa ana kwa ana. Mameneja na watu wa chama walikaa meza moja kumpima. Waliokataliwa walikuwa wachache sana, kwa hiyo huwezi kusema siri ilikuwa chujio kali langoni.

Kwenye kunoa ndiko mambo yanakotajirika. Viongozi wa vikundi na timu wapatao 450 walipelekwa Takaoka kwa wiki tatu, wakasimama kwenye mstari wa kuunganisha magari bega kwa bega na Wajapani. Waliporudi, kila kiongozi wa timu alikuwa na watu watano hadi saba tu. Huyu hakuwa nyapara. Alibaki mwanachama wa UAW kama wenzake, alilipwa zaidi kidogo, na alitakiwa kuijua kila kazi ya timu yake kwa mikono yake mwenyewe. Tazama bolti ilipokataa kuingia. Mfanyakazi alivuta kamba iliyoning'inia juu ya mstari, taa ikawaka, kiongozi wa timu akafika pale pale. Wakitatua tatizo kabla gari halijavuka alama ya kituo, mstari uliendelea. Wasipolitatua, mstari ulisimama hadi kasoro iondoke. Katika kiwanda cha zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa ambalo mtu wa kawaida hakuthubutu kulifanya, hivyo gari lilisonga mbele na kasoro yake, likatengenezwe baadaye kwa gharama kubwa zaidi. Kila mvuto wa kamba ulikuwa somo fupi, tatizo likiwa bado mbele ya macho ya wote wawili.

Somo namna hiyo linahitaji kipimo, na hapo ndipo NUMMI ilipofanya jambo ambalo naliona kuwa la kijasiri kuliko yote. General Motors ilikuwa na wahandisi 80 pale Fremont waliopanga kila mjongeo wa mfanyakazi na kuushusha kutoka ofisini. Sasa stopwochi ilikabidhiwa kwa wafanyakazi. Walipimana wenyewe, wakaandika hatua za kila kazi, wakalinganisha na zamu nyingine, wakachagua njia iliyo salama na bora, na njia hiyo ikawa utaratibu wa wote mpaka mtu aje na bora zaidi. Makumi ya vyeo vya kazi za uzalishaji yalifutwa, kikabaki kimoja, ili mtu aweze kuzunguka na kujifunza.

Lakini fanya hesabu kwa jicho la mfanyakazi. Kila kituo kilikuwa na kama sekunde 60 kwa gari moja. Watu sita wakigundua, kila mmoja, namna ya kuokoa sekunde kumi, wameokoa dakika nzima, yaani nafasi ya mtu mmoja. Pasipo na ahadi, mtu huyo ni jirani yako, au ni wewe. Mwenye akili timamu ataificha hila yake, na kadiri alivyo hodari ndivyo atakavyoificha vizuri zaidi. Mkataba wa NUMMI ulilifunga tundu hilo: kampuni haitapunguza wafanyakazi isipokuwa hali mbaya ya uchumi inatishia uhai wake, na kabla ya hapo itapunguza kwanza mishahara ya wakuu na kurudisha ndani kazi zilizotolewa kwa wakandarasi. Jaribio lilikuja mapema. Mauzo ya Chevrolet Nova, gari lililounganishwa hapo, yaliporomoka, na kufikia 1988 kiwanda kilikuwa kinatumia chini ya asilimia 60 ya uwezo wake. Hakuna aliyeachishwa. Waliokosa kazi mstarini walipelekwa mafunzoni na kwenye timu za kutafuta maboresho. Mwaka 1986 wafanyakazi waliotoa mapendekezo walikuwa asilimia 26; mwaka 1991 walikuwa asilimia 92. Naisoma tofauti hiyo kama jibu la watu walioona ahadi ikitekelezwa wakati wa shida.

Wapo wanaosema iliyowafanya watii ni hofu tu, baada ya miaka miwili bila kazi. Hofu inaeleza 1985, siyo 1991, wakati takriban asilimia 90 walisema wameridhika na kazi. Wala hofu peke yake haizai mapendekezo: kiwanda cha General Motors cha Van Nuys, California hiyohiyo, kilijaribu kufanya kazi kwa timu huku kikiishi chini ya tishio la kufungwa, wafanyakazi wakagawanyika, na mwaka 1992 kikafungwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mwendo wa kazi. Katika kiwanda cha zamani mfanyakazi alikuwa kazini sekunde kama 45 katika kila 60. NUMMI zilifika 57. Hiyo ni kazi ngumu, na sioni sababu ya kuipaka rangi. Wakati wa kuingiza modeli ya 1993, watu waliumia kiasi kwamba mamlaka ya usalama kazini ya California iliiandikia kampuni makosa. Modeli ile ilipangwa kwa haraka, na masuala ya viungo na migongo hayakupewa uzito kabla mstari haujaanza kwenda. Kwa modeli ya 1995 yaliangaliwa mapema, na mambo yakaenda vizuri zaidi. Mfumo uliumiza watu pale haraka ilipotangulia usalama wao.

Kisha kuna mwisho wake. General Motors ilijitoa 2009 ilipofilisika, na tarehe 1 Aprili 2010 Toyota ikafunga kiwanda. Watu wapatao 4,700 wakapoteza kazi. Mkataba uliwakinga na kushuka kwa mauzo, na uliwakinga na werevu wao wenyewe, kwa robo karne. Haukuwakinga na wamiliki wawili walipojitoa mmoja baada ya mwingine, na kwa mtu anayeandika ahadi kama hiyo leo, hapo ndipo pa kuanzia.