Pongezi kwa Mafundi wa Sofa
Mafundi wa sofa, wakiwemo wale wa Keko jijini Dar es Salaam na wa Barabara ya Ngong jijini Nairobi, wanastahili pongezi kwa kazi ambayo mwenye kukalia sofa haioni kamwe, yaani kuiingiza sponji ndani ya foronya iliyo ndogo kuliko sponji yenyewe. Udogo huo ni wa makusudi, kwa kuwa sponji hukatwa ikizidi kidogo vipimo vya foronya ili ikitanue kitambaa na kuondoa mikunjo. Sponji ya poliurethani, aina ya plastiki iliyobuniwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937, ina vitundu vilivyounganika ambamo hewa hupita. Kwa hiyo fundi huitia katika mfuko wa nailoni, akaifyonza hewa kwa mashine ya kufyonzea vumbi mpaka sponji isinyae, akaipenyeza upesi kupitia zipu, kisha akauchana mfuko na kuuvuta nje huku sponji ikivimba na kujaza kila pembe. Asiye na mashine huikunja katikati ikiwa ndani ya mfuko na kuibana kwa mikono na kifua, na utelezi wa nailoni huizuia isikwame kwenye kitambaa. Ustadi hasa umo katika pembe, kwani iliyokaa vibaya haifichiki, na fundi hodari huitoa sponji yote akaanza upya.