Aliyekosekana Zizini: Tenisi ya Nyasi na Hesabu ya Mizani

Mto Mara ndio unaozitenga wilaya mbili za mkoa wenye jina lake: Tarime kaskazini, Serengeti kusini. Ng'ambo zote mbili wapo watu wanaohesabu viumbe wanaokula majani, lakini hawahesabu kwa namna moja. Jioni, mfugaji wa Tarime anaporudisha ng'ombe zizini, haanzi na moja, mbili, tatu. Hutupa jicho, na jicho humwambia nani hayupo: yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, au yule mtamba aliyezaliwa masika yaliyopita. Idadi huja baadaye, ikiwa itahitajika.

Kwa nyumbu wa Serengeti hesabu ya namna hiyo haiwezekani. Ndege hupita juu kwa mistari iliyopangwa, picha hupigwa, vichwa vinavyoonekana huhesabiwa, kisha hupigiwa makadirio ya eneo lisilopigwa picha. Kwa njia hiyo dunia imezoea, tangu miaka ya 1970, kusema kwamba nyumbu wako milioni 1.3. Mwaka 2025 ukachapishwa utafiti uliosoma picha za setilaiti za miaka ya 2022 na 2023, nao ukapata chini ya 600,000. Yumkini mjadala huo utachukua muda. Lakini hakuna upande uliodai kumkosa nyumbu fulani. Katika hesabu hiyo nyumbu mmoja ni sawa na mwenziwe, na bila ya sharti hilo hesabu yenyewe haisimami.

Sasa uko mchezo mmoja wa majani ambao umehesabiwa mno kwa njia ya nyumbu, hali ya kuwa ni wa kuhesabiwa kwa njia ya ng'ombe. Mchezo huo ni tenisi ya uwanja wa nyasi, na hasa ule mtindo wa kale wa kuanzisha mpira na kuufuata mbio hadi wavuni, ili jibu la mpinzani lipigwe lingali hewani. Mpenzi wa mashairi asikimbilie kuufunga ukurasa. Kosa linalotendwa na wasomaji wa takwimu za tenisi ni lile lile ambalo wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamelitenda kwa nusu karne, na huenda likaonekana vyema zaidi uwanjani kuliko katika beti.

Wala tenisi si ngeni kabisa Serengeti. Juu ya kilima cha Sasakwa, katika upande wa hifadhi ya Grumeti, hoteli ya kifahari ina uwanja wake wa tenisi, wageni wakicheza huku mbuga imetandazwa chini yao. Na mwezi wa Desemba 2024 Mmarekani John McEnroe, mwenye umri wa miaka 65, alikuja Tanzania pamoja na mdogo wake Patrick kwa mchezo wa maonyesho katika nyika hizo za Serengeti. Magazeti yalishughulika na wanyama na mandhari. Aliyekuja, hata hivyo, ndiye bwana mkubwa wa mtindo huu wa kukimbilia wavuni, na jina lake limefungamana na mchezo ambao hadi leo ni darasa zuri la namna takwimu zinavyosema na zinavyonyamaza.

Ni fainali ya Wimbledon ya tarehe 5 Julai 1980, baina yake na Björn Borg wa Sweden. Mwaka huo huo, chini ya mwezi mmoja baadaye, mwana wa Mara, Suleiman Nyambui wa Majita, alikimbia fainali ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow. Yafaa kuyaweka matukio hayo mawili pamoja. Nyambui alimaliza kwa dakika 13, sekunde 21 na nukta 60; Miruts Yifter wa Ethiopia alikwisha kumaliza kwa 13:20.91. Medali ya fedha, kwa tofauti ya nukta 69. Hapo hapana la kufasiri. Mbio zina hesabu moja tu, nayo ni jumla: kila hatua huingia katika muda ule ule, hatua ya kwanza sawa na ya mwisho, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Tenisi haina jumla ya namna hiyo. Pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, seti hujenga ushindi, na kila ghorofa inapokamilika, iliyo chini yake husahauliwa. Gemu iliyoshindwa bila ya mpinzani kupata hata pointi moja na gemu iliyoshindwa baada ya vuta-nikuvute ya robo saa zina thamani moja. Katika fainali ile, seti ya nne ilifika gemu ya kuvunja sare, nayo ikaenda pointi 34. McEnroe aliponea mara tano, kila mara pointi moja tu ikiwa imembakia Borg kuwa bingwa, hatimaye akaitwaa 18 kwa 16. Watu wangali wanaisimulia. Lakini pointi zote 34 ziliandikwa kitabuni kama gemu moja tu, na Borg akaibeba seti ya tano 8 kwa 6. Kwa jumla Borg alipata gemu 28, McEnroe 27.

Kwa nini nyasi huyafanya haya kuwa makali zaidi kuliko uwanja wa udongo? Kwa sababu juu ya nyasi mpira huteleza na hauruki juu, na mwanzishaji anayekwenda wavuni humnyang'anya mpokeaji muda wa kufikiri. Basi aghalabu mwanzishaji hushinda gemu yake. Hesabu yake inajulikana: mwanzishaji anayeshinda pointi 65 katika kila 100 atashinda kama gemu 83 katika 100, akipanda hadi pointi 70, gemu zinafika 90. Tofauti ndogo chini hukuzwa juu. Na wachezaji wawili wa namna hiyo wakikutana, gemu hupita moja baada ya nyingine, hii yako hii yangu, hata msomaji wa ubao akadhani hapatokei kitu. Kumbe mchezo wote umening'inia juu ya pointi mbili tatu ambazo hazijulikani zitatokea lini.

Mfano uliopindukia mipaka ni ule wa Juni 2010, pia Wimbledon, baina ya John Isner wa Marekani na Nicolas Mahut wa Ufaransa, Mahut akiwa miongoni mwa wachache wa zama hizi walioupenda wavu. Walicheza kwa siku tatu, saa 11 na dakika 5. Gemu 168 zilipita mfululizo bila ya mwanzishaji kupoteza hata moja. Ubao wa umeme wenyewe ulikwama kwenye 47 kwa 47, maana waliouunda hawakuwaza kwamba binadamu wangefika huko. Isner akashinda seti ya tano 70 kwa 68. Msomaji wa njia ya nyumbu na azitazame pointi: Mahut 502, Isner 478. Aliyeshindwa alizidi kwa pointi 24. Aliyeshinda alizidi kwa gemu moja tu, 92 kwa 91. Wala hapakuwa na bahati ya mtende. Zile pointi za ziada za Mahut zilianguka mahali ambapo hazikuhitajika, ndani ya gemu alizokuwa akizishinda hata bila ya hizo.

Hapa ndipo ushairi unapoingia, tena kwa mlango wa mbele. Tarbia ya kawaida ina mishororo minne ya mizani kumi na sita, jumla 64 kwa ubeti. Tuseme mtu akaandika mshororo mmoja wa mizani kumi na saba na mwingine wa kumi na tano. Jumla haikubadilika, ila shairi limevunjika. Au akaandika kumi na sita kamili, lakini akaukata mshororo penye saba badala ya nane: ukwapi umepungukiwa, utao umevimba, na kina cha kati kimetua mahali ambapo sikio halikukingoja. Jumla ni sahihi mara ya pili, na mara ya pili shairi halipo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha 1954 cha sheria za kutunga mashairi, hakuwafundisha watu kujumlisha, aliwafundisha mahali. (Ni jambo la kupendeza kwamba mtu huyo aliyewapangia Waswahili hesabu ya mizani ndiye ambaye uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake.) Waliomfuata ndio walioifanya sheria kuwa jumla. Na Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974, pande zote mbili, ya walioghadhibika na ya walioshangilia, zilibishana juu ya kuwapo au kutokuwapo kwa mizani kana kwamba hilo ndilo swali. Wachache waliuliza ni wapi pumzi inakatika, na kwa nini hapo.

Takwimu za tenisi zina mtego wa pili, nao ni hatari zaidi kwa kuwa una sura ya elimu. Watoaji wa takwimu za Wimbledon wamekuwa wakionyesha kwamba mwanzishaji anayekwenda wavuni hushinda takribani pointi mbili katika kila tatu. Anayebakia nyuma na kurushiana mpira hapati hata karibu na hapo. Basi makala nyingi zimetoa fatwa: vijana wa leo ni wajinga, warudi wavuni. Yafaa ikumbukwe kwamba tangu 2001 nyasi za Wimbledon zilibadilishwa zikawa za aina moja tu, ngumu zaidi, na mpira ukaanza kuruka vizuri; mpokeaji akarudishiwa muda wake. Lakini hata bila ya hilo fatwa haisimami. Mchezaji haendi wavuni kwa kura. Huenda pale mpigo wake wa kwanza ulipomkaa mpinzani vibaya, au mpinzani alipokwisha kuzoea kumwona nyuma. Zile mbili katika tatu ni za safari zilizochaguliwa. Akianza kwenda kila mara, mpokeaji atamngojea, na uwiano huo utaporomoka. Ni sawa na mtu aliyegundua kwamba beti zenye swali katika kituo hupendwa, akatunga diwani nzima ya vituo vya maswali.

Tazama fainali ya 2019 baina ya Roger Federer na Novak Djokovic. Kwa pointi, Federer 218, Djokovic 204. Kwa gemu, 36 kwa 32. Kwa mipigo ya kuanzisha isiyoguswa, 25 kwa 10. Mgeni akipewa hesabu hizo bila ya majina, atampa kombe mtu asiyelipata. Djokovic alishinda seti tatu, zote kwa gemu ya kuvunja sare. Katika seti ya tano Federer aliongoza 8 kwa 7, akianzisha mwenyewe, 40 kwa 15, pointi mbili za ubingwa mkononi. Ya kwanza aliupiga mpira nje. Ya pili alisogea wavuni, na Djokovic akampitishia mpira pembeni kwa mshazari. Katika jedwali la mwisho safari hiyo ya wavuni imo pamoja na nyinginezo zote alizokwenda siku ile, nyingi akafanikiwa, na asilimia yake ni nzuri. Mfugaji wa Tarime angeliuliza kuhusu ile moja.

Afrika ya Mashariki nayo ina mchezo wake wa nyasi, na haukutajwa vya kutosha. Julai 2022, katika mashindano ya vijana ya Wimbledon, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenziwe wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp, walicheza fainali ya wasichana wawili wawili dhidi ya Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Tenisi ya wawili ndiyo iliyobaki kuwa makimbilio ya mchezo wa wavuni: mmoja huanzisha, mwingine amekwisha kusimama mbele. Okutoyi na Nijkamp walipoteza seti ya kwanza 3 kwa 6, wakaitwaa ya pili 6 kwa 4, na mahali pa seti ya tatu ikawekwa gemu moja ndefu ya kufikia pointi 10. Wakashinda 11 kwa 9. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la vijana katika mashindano makuu manne ya dunia.

Mwenye kuhesabu na ahesabu. Kwa gemu za seti mbili, washindi wana 9, walioshindwa wana 10. Na kwa kuwa gemu ya mwisho iliishia 11 kwa 9, lazima ilipita penye 9 kwa 9, mahali ambapo kila kilichochezwa kabla yake kilikuwa kimekwisha kufutika na pointi mbili tu zilitakiwa, moja baada ya nyingine. Matokeo yanayobaki vitabuni ni 3–6, 6–4, 11–9. Nani alianzisha pointi hizo mbili, nani alisogea, nani alibaki nyuma, hayo hayamo katika tarakimu hizo, wala hayamo katika ubao wa Sasakwa, ambako wageni humaliza seti, hufuta chaki, na kwenda kunywa chai wakitazama nyumbu.